Kaseti Iliyotoka Mfukoni mwa Koti

Kwenye karatasi ya mazishi ya ndugu yangu Nthiga kuna mistari kumi na tisa kuhusu maisha yake. Niliiandika mimi, kwa sababu ni mwalimu wa Kiswahili, na katika ukoo wetu mwalimu wa Kiswahili ndiye hutwikwa wasifu wa kila anayefariki, apende asipende. Nilikuwa nimeandika ukurasa mmoja na nusu. Kamati ya mazishi ikaukata. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa anayeitwa Gedion, alichora mstari juu ya sehemu yote niliyoandika habari za kaseti, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, hii tuwache. Bishop atakuwa hapo, na wageni wametoka mbali." Nilikubali kwa heshima ya msiba. Lakini nilikasirika, na hadi leo nimekasirika. Ndugu yangu alipenda vitu vinne hapa duniani: mke wake na binti yao, mbuzi wake, spika za kanisa, na kaseti moja. Karatasi imetaja vitatu.

Basi cha nne nitakiandika hapa, na hakuna wa kunishika mkono.

Sisi ni watu wa Githongo, kwenye kahawa na baridi. Mama alitoka Ishiara, kule chini kwa Wambeere, kwenye joto na pojo na mbuzi. Tulizaliwa watatu. Mimi Karimi, msichana pekee, ndiye kifungua mimba, akanifuata Kiunga, na Nthiga akafunga. Nthiga alipewa jina la babu mzaa mama, na nadhani alirithi na ngozi yake pia, maana hata utotoni alikuwa akitetemeka asubuhi za Julai huku sisi wengine tukicheza nje.

Mwaka wa 1992 baba aliteremka Ishiara kuwajulia hali wakwe zake, akapitia sokoni, akarudi na koti la jinzi la mitumba. Mama alilichukua alifue. Kabla ya kulitia majini alipapasa mifuko, na katika mfuko wa ndani akakuta kaseti. Haikuwa na kasha wala jina. Karatasi yake ilikuwa imechubuka hadi ikabaki gundi tu. Baba alifurahi sana, kwani kama wanaume wengi wa milimani alipenda muziki wa kantri, akadhani amepata nyimbo za farasi na machozi. Akaitumbukiza kwenye redio, akaketi, akakunja miguu.

Ile gitaa ilipoanza, baba aliruka akaizima redio. Aliinama akainusa kwa nyuma kama kuna waya unaoungua. "Imeharibika," akasema. Akajaribu tena, ikafanya vilevile. Akajaribu upande wa pili, mambo yakawa yale yale, labda mabaya zaidi. Ndipo akaitoa akawatupia wanawe wawili wa kiume akisema, "Chezeeni." Kiunga alikuwa na miaka kumi na Nthiga saba. Wakaichezea kweli.

Tuliiita Koti. "Tuweke Koti," Nthiga alikuwa akisema, na mtu mgeni angedhani anahisi baridi. Siku ya kuisikiliza ilikuwa Jumamosi, wazazi wakienda kiwandani kupeleka kahawa. Wavulana wale walikuwa wakiyaanika mawe ya redio, yaani betri, juu ya bati tangu asubuhi ili yapate nguvu kidogo, kisha wakajifungia stoo na kuketi juu ya magunia. Kiunga alipiga ngoma kwenye debe. Nthiga alitikisa kichwa hadi akaanguka, akainuka, akaendelea. Muziki wenyewe ulikuwa wa kasi ya kutisha, gitaa zikikata kama msumeno wa mbao, na mtu mmoja akifoka juu yake kana kwamba ameibiwa ng'ombe. Hatukuelewa neno hata moja na hatukuona kama tumepungukiwa. Nasema hatukuelewa kwa sababu mimi pia, pamoja na kujitia ukubwa wa miaka kumi na mitatu, nilikuwa nikisimama nje ya dirisha la stoo nikijifanya napepeta maharagwe.

Miaka hiyo wahubiri walikuwa wakisema sana kuhusu muziki wa shetani, na watu walichoma kaseti zao kwenye mikutano. Siku moja mama alirudi mapema akawakuta. Tulijua leo ni leo. Mama alisimama mlangoni akasikiliza wimbo mzima, mikono kiunoni, kisha akauliza, "Huyu anayelia hivi, ameumizwa na nani?" Akasema basi wafunge lango ili majirani wasisikie, akaenda kuwasha moto. Namkumbuka kwa mengi mama yangu, lakini kwa swali lile nampenda zaidi.

Kisha Koti ikaumia. Mawe yalikuwa yameisha nguvu, Kiunga akalazimisha kurudisha nyuma, redio ikautafuna utepe katika wimbo wa tatu. Nthiga alilia kama amefiwa. Kiunga akachukua wembe, akakata kipande kilichokunjamana, urefu wa shubiri hivi, akaunganisha ncha mbili kwa selotepu na kuuzungusha utepe kwa kalamu ya biki hadi ukakaza. Tangu siku hiyo wimbo wa tatu uliruka. Ngoma zilikuwa zinaanza kuporomoka zenyewe, bila gitaa, na kabla hazijafika chini, pu, mwimbaji ameshaanza kufoka. Wale wawili waliuzoea mruko ule wakaupenda kuliko wimbo wenyewe. Nthiga alikuwa akiinua mkono juu ngoma zinapoanza, na kuushusha kwa nguvu pale pale wimbo uliporuka. Hakukosea hata mara moja. Nimewahi kumwangalia mara hamsini nikitamani akosee, na hakukosea.

Hiyo ndiyo miaka yao mizuri. Ilikuwa minne.

Desemba ya 1996 Kiunga alimaliza darasa la nane, na kwetu mvulana akimaliza darasa la nane anatahiriwa. Baada ya hapo anakaa ndani kwa majuma kadhaa, kwenye kijumba chake, akihudumiwa na kufundishwa na vijana waliotangulia. Anapoingia mle anaacha utoto nje. Nguo zake za zamani, manati, kigari cha mbao, vyote anampa mdogo wake, na havirudii. Mwanamume anayeomba arudishiwe vitu vya utoto atachekwa hadi aote mvi. Tena hachezi na mvulana ambaye bado, hata kama wamelala tumbo moja. Siandiki haya kwa kuyabeza. Desturi hiyo imelea wanaume wazuri, baba yangu akiwa mmoja wao. Lakini haikumwambia mtu lolote kuhusu kaseti, na hapo ndipo palipoharibika.

Kiunga alikuwa amepanga vitu vyake kwenye rundo uani. Koti alikuwa ameishika mkononi, hajaamua. Kijana mmoja kati ya wale waliokuja kumchukua akaiona, akacheka. "Hayo makelele ya watoto unapeleka wapi?" Basi Kiunga akaiweka juu ya rundo, haraka, kana kwamba ilikuwa inamchoma. Nthiga alipewa rundo zima. Mtoto wa miaka kumi na mmoja kupewa manati na kigari angeruka kwa furaha, lakini yeye aliiokota Koti peke yake akauliza, "Sasa tutaisikizia wapi?"

"Utasikiza wewe," Kiunga akamwambia.

Kazi ya kupeleka chakula kwenye kile kijumba ilikuwa ya Nthiga. Alifika mlangoni, akaweka sahani, akabisha, akaondoka, kwa maana hakuruhusiwa kuingia. Jumamosi ya pili alikuja na sahani na redio pia. Nilikuwa jikoni, niliona yote. Alikuwa ameyaanika mawe tangu asubuhi. Akaiweka redio chini, karibu kabisa na mlango, akabonyeza, akasimama. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Katika wa tatu ngoma zilipoanza kuporomoka aliinua mkono wake, akiutazama ule mlango uliofungwa, akaushusha pale pale uliporuka. Nilimwona akitabasamu. Alikuwa na hakika kwamba ndani mle pia mkono umeshuka.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Kiunga alikuwa amejifunga shuka, na nyuma yake kulikuwa na wale vijana. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Toka hapa na makelele yako," na akamalizia kwa lile neno la Kimeru la mvulana ambaye hajatahiriwa, neno ambalo likisemwa kwa sauti ile ni tusi. Waliokuwa ndani wakaangua kicheko. Nthiga aliizima redio. Akaichukua, akakusanya na sahani tupu za asubuhi kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, akapita mbele yangu. Hakulia. Afadhali angelia, kwa maana kilio huwa kinafika mwisho.

Kesho yake alipeleka chakula kama kawaida.

Hawakugombana. Wangegombana ningewapatanisha, maana kelele naziweza. Kiunga alitoka ndani akiwa mwanamume, na akawa mpole kwa mdogo wake. Nthiga naye alipotahiriwa miaka mitatu baadaye alikuwa mpole kwa kaka yake. Kwa sababu yeye ndiye wa mwisho, vitu vyake vya utoto vilikwenda kwa mtoto wa jirani. Koti hatukuiona kwenye lile rundo. Kiunga alidhani imeshapotea kwa majirani, na asingeuliza. Angeulizaje? Kwa hiyo waliishi miaka karibu thelathini kwa adabu ya watu waliokutana kanisani. Habari yako, nzuri, na mbuzi, wazima, na kahawa, tunashukuru Mungu. Mimi niliyekuwa nikikaa kati yao kwenye harusi na matanga nilikuwa natamani mmoja amwage chai juu ya mwingine.

Kiunga alipata kazi katika kiwanda cha kahawa pale Githongo, kwenye mashine ya kumenya. Bado yuko hapo. Nthiga alimaliza kidato cha nne, akasema baridi imemtosha, akateremka Ishiara kwenye shamba la babu ambaye alibeba jina lake. Akafuga mbuzi, akapanda pojo, akamwoa Wanjira, wakapata binti yao Linda. Na akawa fundi wa spika. Mkutano wowote wa injili, harusi au mazishi Mbeere yote ile, Nthiga alikuwa akifika siku moja mbele na nyaya zake mabegani. Hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akiweka kiganja juu ya spika, akafumba macho, akageuza kitufe kidogo sana, na mhubiri ambaye jana alisikika kama yuko ndani ya mtungi leo akasikika kama mtu. Waimbaji walilalamika kuwa anapenda kuipandisha ngoma. Aliwaambia ngoma haisikiki. Ilikuwa ikisikika hadi ng'ambo ya mto.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, alianza kushindwa kumeza. Kwanza ugali, halafu chai. Tulizunguka hospitali hadi tukaambiwa ni saratani ya koo na kwamba tumechelewa. Wakamwekea mrija tumboni. Mwezi wa sita sauti ikaondoka kabisa. Kiunga alikuwa akienda kumwona pamoja na sisi wengine, akisimama karibu na ukuta, kofia mkononi, mtu wa kwanza kusema tumwache mgonjwa apumzike. Sikuwahi kumwona akikaa naye peke yake.

Siku moja tulitoka Ishiara tukapitia kwangu Kaaga. Nilikuwa jikoni napika, na Kiunga ameketi sebuleni na mwanangu Adrian, ambaye yuko chuo na hasikii la mtu akiwa na simu. Kiunga ana tabia ya kuvumisha wimbo wa tatu puani anapowaza. Amefanya hivyo maisha yake yote, na hajui kama anafanya. Adrian akainua kichwa. "Anko, hebu rudia hiyo." Akamwekea simu mdomoni ili iutafute wimbo. Mara nikasikia ile gitaa nyumbani kwangu, safi, kubwa, haina mikwaruzo. Mwiko ukanianguka.

"Mum, hii ni classic," Adrian akasema. "Thrash metal ya zamani kabisa, ile rock ya kelele. Watu wengi wanaijua hii album. Ata wamefanya anniversary yake."

Sijui nieleze vipi. Kwa miaka zaidi ya thelathini tulikuwa tukidhani ni yetu. Tulijua kuna watu waliouimba, lakini hatukufikiria kuna mwingine aliyeusikiliza. Adrian akatusomea jina la kikundi na jina la albamu, akatuonyesha na picha ya kasha. Kiunga aliifunika kwa kiganja. Majina hayo sitayaandika, kwa sababu kwetu ilikuwa na jina lake tayari. Akaomba simu akatoka nayo nje, akasimama karibu na tangi la maji. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Karimi," akasema, "haikuruka."

Akaketi kwenye kiti cha jikoni akalia, mtu wa miaka arobaini na zaidi, mikono yake ikinuka kahawa. Akaniambia kitu ambacho nilikuwa nakijua tangu siku ile nilipokuwa jikoni, lakini sikuwahi kukisikia kinywani mwake. "Nilimfukuza mbele ya watu. Alikuja hadi mlangoni na mimi nikamfukuza." Halafu akasema, "Nataka anikaribishe ndani kabla hajaenda. Hiyo tu. Sitaki kingine."

"Basi nenda. Unangoja kamati?"

"Na akikataa?"

"Utakuwa umekataliwa," nikamwambia. "Yeye alikataliwa, na kesho yake akaleta sahani." Huenda nilikuwa mkali. Sijutii.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wawili, na spika ndogo ya Adrian kwenye mfuko wa sukari. Tulifika saa nne, jua limeshakuwa kali. Wanjira alitoka kutulaki akatuambia usiku ulikuwa mbaya, mgonjwa hajalala, lakini tuingie tumsalimu. Niliingia. Nthiga alikuwa amebaki mifupa na macho. Alinipa mkono. Nilipogeuka, Kiunga hakuwa nyuma yangu.

Alikuwa amesimama nje ya mlango. Akaiweka ile spika chini, karibu kabisa na kizingiti, akabonyeza simu, akanyooka. Nilipoelewa anafanya nini nikakalia kigoda cha Wanjira.

Wanjira hakuelewa. Alitoka nje amekasirika, na alikuwa na haki. "Shemeji, hiyo ni nini? Mtu ni mgonjwa."

"Mwache asikie kidogo," Kiunga akasema. "Akitaka nitoke nitatoka."

Alirudi ndani akanitazama. Nikamwambia aache. Wimbo wa kwanza ulipiga hadi mwisho, mbuzi wakikimbilia upande wa pili wa ua. Kiunga alisimama palepale kwenye jua, kofia mkononi, akiangalia chini. Ndipo likaniingia wazo lililonikata maini. Huyu mtu anangoja aitwe, na anayepaswa kumwita hana sauti. Angeweza kusimama pale hadi jioni. Nilitaka kumwita mimi, na mdomo nilifungua, lakini nilijua si kazi yangu.

Wimbo wa pili ulikuwa umeanza Wanjira alipoenda mlangoni.

"Shemeji, ingia."

"Amesema?"

"Atasemaje na unajua hawezi? Amesogea."

"Amesogea vipi?"

"Kwa kitanda. Amesogea kwa ukuta amekuwachia nafasi. Nilitaka kumsaidia akasukuma mkono yangu." Naye sasa alikuwa akilia. "Hajajigeuza mwenyewe tangu wiki jana."

Kiunga aliinama akaichukua spika, akavuka kizingiti, akaketi pale kitandani alipoachiwa, bega kwa bega, mgongo ukutani, kama kwenye magunia. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wimbo wa tatu ukaingia. Ngoma zilipoanza kuporomoka, mkono wa Nthiga ukainuka kutoka kwenye blanketi, mwembamba, polepole. Aliushusha mahali pale pale.

Wimbo haukuruka. Ngoma ziliendelea. Mkono wa Nthiga ulikuwa umeshaanguka juu ya goti la kaka yake, na ukabaki hapo, na macho yake yakamgeukia Kiunga kuuliza.

"Ni kile kipande nilikata," Kiunga akamwambia.

Wakakisikiliza. Hakikuwa na ajabu yoyote. Kilikuwa ngoma tupu, sekunde nne hivi, na mwishoni yule mwimbaji alisikika akivuta pumzi kabla ya kuingia. Hiyo ndiyo tuliyokuwa tumeikosa miaka yote, mtu akivuta pumzi. Nthiga alicheka. Bila sauti, kwa mabega tu, lakini alicheka, na kisha akapata shida kidogo ya kupumua hadi Wanjira akamwinua.

Baada ya wimbo wa nne simu ilitaka kuendelea na wa tano. Kiunga aliisimamisha. "Tugeuze kwanza," akasema, kwa sababu hapo ndipo upande wa kwanza wa Koti ulipoishia. Nthiga alitikisa kichwa kukubali, lakini macho yalikuwa yakifumba. Alikuwa amechoka kupita kiasi. Wanjira akasema inatosha kwa leo. Kiunga akamwinamia sikioni. "Upande wa pili tusikize Jumapili ya wiki ijayo. Nikuje?" Nthiga akamfinya mkono. Mimi niliona.

Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza mbona hakumwomba msamaha. Nilikuwa nimekasirika, nilifikiri ameukwepa tena. Akanijibu, "Ningemwomba angetaka kunijibu. Angejibu na nini?"

Nthiga alifariki Alhamisi, siku tatu kabla ya hiyo Jumapili.

Mazishi yalikuwa makubwa. Waliokuja walikuwa ni watu aliowafungia spika kwa miaka ishirini, na siku hiyo hapakuwa na wa kumfungia yeye. Vijana walijaribu. Spika zilipiga mbinja kutoka asubuhi hadi jioni. Bishop alisikika kama yuko ndani ya mtungi, na mimi nikasoma ile mistari kumi na tisa huku kipaza sauti kikikatakata, na waombolezaji wakitazamana kwa kuwa kila mmoja alikuwa anawaza jambo moja. Nilipofika kwenye neno "spika" nilishindwa kuendelea, Linda akanimalizia.

Baada ya kuzika, wanaume walikaa chini ya hema wakila. Rika la Kiunga na waliowatangulia walikuwa na meza yao, na kati yao alikuwa yule yule aliyecheka kwenye rundo la vitu mwaka wa 1996, sasa ana mvi na wajukuu. Wanjira akaja na kopo la mafuta ya kupikia, limefungwa kwa mpira. Akamnyooshea Kiunga kwa mikono miwili. "Alinionyesha kabla sauti haijaisha. Alisema ni ya mwenyewe, nikurudishie."

Kiunga alilifungua palepale. Ilikuwa Koti, na kando yake karatasi ya daftari iliyokunjwa. Ndani ya karatasi kulikuwa na kipande cha utepe wa kaseti, kimekunjamana, urefu wa shubiri. Nilidhani kilitupwa motoni siku ile ya wembe. Alikuwa amekiokota, akiwa mtoto mdogo, akakitunza maisha yake yote.

Yule mwenzao mwenye mvi akatazama, akasema kwa mzaha ule wa kwenye matanga, bila nia mbaya, "Kiunga, hizo si vitu za watoto?"

"Ni za watoto," Kiunga akasema. "Ni zangu." Akalishika kopo kwa mikono miwili, mbele ya meza nzima, akaliweka mapajani. Mwenzake aliinamisha kichwa akarudi kwenye sahani yake.

Ni mwaka sasa tangu tumzike. Jumapili nikipanda Githongo baada ya ibada humkuta Kiunga kwenye ngazi za kiwanda, mashine zimezimwa, simu imewekwa juu ya lile kopo. Anasikiliza wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ngoma zinapoporomoka anainua mkono, anaushusha mahali pake, kisha anasubiri ile pumzi. Wa nne ukiisha anaizima. Juzi nilimuuliza kwa nini haendelei, na upande wa pili ulikuwa na wimbo mmoja mrefu ambao wote wawili waliupenda.

"Huo ni wa ile Jumapili," akasema, akarudisha simu mfukoni.